Njia Nyembamba

Siku hizi watu huyataja maradhi yao barazani bila haya. Fulani ana presha, fulani ana sukari, na hata tezi dume, ambayo zamani ilikuwa siri ya wazee, sasa inazungumzwa redioni mchana kweupe. Lakini yako maradhi ambayo hayajaingia katika mazungumzo hayo, nami niliishi nayo kwa miaka 16 kabla ya kufunguliwa. Ni kuziba kwa mrija wa mkojo. Hayana jina fupi. Ukisema kwamba mkojo hautoki, msikilizaji wa kwanza atafikiri tezi dume, na wa pili atainamisha macho kwa kuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba ni kisonono cha ujanani. Siandiki kwa ajili ya kueleza ugonjwa wenyewe tu, maana daktari yeyote ataueleza vizuri zaidi kuliko mimi. Nataka kusema juu ya matibabu yake, hasa kisu: kinampa nini mwanamume, kinaweza kumnyang'anya nini, na anaambiwa nini kabla hajapanda kitandani.

Kisonono sikupata kuugua. Sisemi hivyo kwa kujitakasa, bali kwa sababu kila daktari aliyenipokea aliniuliza hilo kwanza, na wengine hawakuniamini. Yangu yalianza kwa baiskeli. Mwaka 1989 nilikuwa natoka mashineni na unga nimeufunga nyuma, nimesimama juu ya pedeli napanda kilima, mara mnyororo ukaruka. Uzito wangu wote ukaangukia lile bomba la juu la fremu. Mahali pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa panaitwa msamba, na hapo mrija wa mkojo unapita chini ya mfupa wa kinena bila kinga yoyote ya maana. Ukigongwa, mrija unabanwa kati ya chuma na mfupa kama kidole kilichobanwa na mlango. Matone ya damu yalitoka kwa siku mbili, maumivu yakaisha kwa wiki moja, nami nikaendelea na kazi yangu ya ualimu. Kovu lilichukua miaka sita kujitokeza.

Lilipojitokeza halikupiga hodi kwa maumivu. Mkojo ulianza kugawanyika mikondo miwili, kisha ukawa mmoja mwembamba kama uzi, kisha ukawa wa kusukuma. Pale shuleni wenzangu waliingia na kutoka chooni, mimi bado nimesimama. Msikitini ilikuwa taabu zaidi, kwa sababu nikiisha kujisafisha na kutia udhu, matone mawili matatu yalikuja nyuma yangu kama watoto waliochelewa kengele. Nilimwuliza shehe wetu faragha. Akanijibu bila kushangaa kwamba mtu wa namna hiyo hungoja wakati wa sala uingie, akajisafisha, akajikinga kwa kitambaa, akatia udhu kwa kila sala ya faradhi, na sala yake inasihi. Ule upole wake nimeukumbuka kuliko dawa nyingi nilizopewa.

Mrija wa mkojo wa mwanamume una urefu wa sentimita 18 hadi 20 hivi, wakati wa mwanamke ni kama 4 tu, ndiyo maana maradhi haya ni ya wanaume karibu yote. Umezungukwa na nyama laini iliyojaa damu, mfano wa sponji. Nyama hiyo ikijeruhiwa huponea kwa kovu, na kovu lina tabia ya kujikunyata kadiri miaka inavyopita. Kisonono kisichotibiwa huleta makovu hayo, ni kweli. Lakini huyaleta pia mpira wa mkojo uliosukumwa kwa nguvu au uliokaa ndani muda mrefu, vyombo vinavyopitishwa humo wakati wa kukwangua tezi dume, ajali inayovunja nyonga, na ugonjwa mmoja wa ngozi unaoweka mabaka meupe kwenye kichwa cha uume. Wako na wengine ambao sababu yao haionekani kabisa. Njia ikiachwa ikazidi kuziba, mkojo hubaki kibofuni na kuota vijidudu na mawe. Jipu laweza kutunga msambani likapasuka, mkojo ukawa unatokea kwenye vitundu vya ngozi kama kopo la kumwagilia bustani. Na mwisho wa yote figo huharibika.

Tiba ya kale ni kupanua. Waganga wa India ya zamani walipitisha vijiti vilivyopakwa samli, na fikra hiyo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni chombo. Mimi nilipigwa picha ya kwanza mwaka 1996, ile ya kutiwa dawa kwa mbele halafu ukapigwa eksirei. Daktari aliiinua dirishani akanionyesha mahali palipobanwa kama kiuno cha nyigu. Urefu wa kovu ulikuwa sentimita moja na nusu. Msomaji alishike hilo, maana nitalirudia. Kisha vikaja vyuma, vimepinda nchani, vimepangwa kwenye beseni kuanzia chembamba mpaka kinene, na kila kimoja kikapitishwa kwa zamu. Sitaeleza maumivu yake. Nitasema tu kwamba jioni ile nilikojoa kama kijana, nikamwombea dua yule daktari. Baada ya miezi mitano nikarudi. Safari iliyofuata ilikuwa baada ya miezi minne, halafu mitatu.

Mwaka 2001 nikaambiwa sasa kuna njia ya kisasa. Hupitishwa bomba lenye kioo na taa, daktari akaliona kovu kwa macho yake, akalipasua kwa ndani kwa kijisu kidogo. Chombo hicho kililetwa na daktari Mjerumani, Hans Sachse, katika miaka ya 1970, na kilienea upesi duniani kwa sababu kazi yenyewe huchukua nusu saa na mgonjwa hurudi nyumbani kesho yake. Nikapasuliwa hivyo mwaka 2001, tena mwaka 2003, na tena mwaka 2005. Kila mara nilitia saini karatasi ya kukubali. Ilikuwa na mistari minne ya Kiingereza, na katika mistari hiyo hapakuwa na neno lolote juu ya kile nilichokuwa nakikubali.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na hospitali ile, ambayo sitaitaja. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, waliwagawa kwa kura wanaume 210 wenye maradhi haya. Wengine wakapanuliwa, wengine wakapasuliwa kwa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997, na hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili. Tofauti ilitokana na urefu wa kovu. Lililokuwa chini ya sentimita 2 lilirudi ndani ya mwaka mmoja kwa wanaume kama 4 katika 10. Lililozidi sentimita 4 lilirudi kwa kama 8 katika 10. Mwaka uliofuata wakaeleza jambo lililonigusa mimi hasa: mara ya kwanza inafaa, ya pili huenda ikafaa kwa muda, ya tatu haina faida ya kudumu. Mara yangu ya tatu ilikuwa 2005. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa miaka saba, tena katika bara letu hili.

Simlaumu yule daktari kama mtu. Alikuwa na foleni iliyofika mlangoni, na alikuwa na chombo kimoja alichokijua. Fundi mwenye nyundo peke yake atagonga. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kupasua kovu kwa ndani ni kutia jeraha juu ya jeraha, kwamba kila mpasuko huweza kurefusha kovu, kwamba damu yaweza kutoka nyingi na homa ya mkojo ikafuata, kwamba chuma kikikosa njia huchimba njia yake ya uongo pembeni, na kwamba ukipasua karibu na ule msuli unaofunga mkojo mtu aweza kubaki anavuja. Hii ndiyo inayoitwa njia nyepesi. Nami nafikiri sasa kwamba neno "nyepesi" hospitalini aghalabu humaanisha nyepesi kwa siku ile.

Mwaka 2011 nilipelekwa kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo katika hospitali nyingine. Alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu mkubwa, na nakiri nilisita mlangoni. Alisimama akatuamkia shikamoo, mimi na mke wangu, tukaitika marahaba. Nesi alipotaka kumtoa mke wangu nje, daktari akamzuia. "Mama akae," alisema. "Haya si mambo ya mtu mmoja." Akanipa jagi lenye alama za vipimo na saa ya ukutani, nikakojoa nyuma ya pazia. Mwanamume mzima hutoa mililita 15 kwa sekunde au zaidi. Mimi nilitoa 4. Picha mpya ikaonyesha kovu lililozidi sentimita 4.

Alitueleza kwamba kovu fupi, kama lile la mwaka 1996, lingeweza kukatwa lote na ncha mbili nzima za mrija zikashonwa pamoja. Upasuaji huo kwa mtu aliyeangukia msamba hufanikiwa kwa wanaume zaidi ya 9 katika 10. Lakini ukikata sentimita nyingi, ncha hazifikiani bila kuvutwa, na ukizivuta uume hufupika au hupinda. Kwa hiyo mimi nilihitaji kiraka. Na kiraka chenyewe kingetoka mdomoni.

Mke wangu alifunika mdomo wake kwa mtandio, sijui kwa kucheka au kwa hofu. Daktari akaendelea bila haraka. Zamani, alisema, walitumia ngozi ya nje, hata ya korodani, na vinyweleo vikaendelea kuota ndani ya mrija, mawe yakajengeka juu yake. Ngozi ya ndani ya shavu haina nywele, imezoea kukaa majimaji saa zote, ni imara, na pale inapotolewa hupona upesi. Nimekuja kusoma baadaye kwamba daktari Mwingereza, Graham Humby, aliitumia tangu mwaka 1941 kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya njia ya mkojo, kisha fikra hiyo ikalala nusu karne, ikaamshwa katika miaka ya 1990. Na Mwitaliano Barbagli mwaka 1996 akaonyesha namna ya kukiweka kiraka upande wa juu wa mrija, kikaegemea nyama imara. Wakati mimi napitishiwa vyuma mara ya kwanza, wenzetu walikuwa wanashona mashavu.

Halafu akahesabu hatari kwa vidole, na hakuacha kidole. Kovu laweza kurudi hata baada ya upasuaji huu, ingawa kwa wachache. Kidonda chaweza kuoza au kutoboka, mkojo ukapita pembeni. Mdomo waweza kukaza na shavu kufa ganzi. Kwa kuwa miguu huinuliwa na kutanuliwa kwa saa nyingi, mishipa ya fahamu yaweza kubanwa, mguu ukafa ganzi kwa muda. Matone ya mwisho huweza kuendelea kudondoka, maana mrija uliotiwa kiraka haujikamui kama ule wa kuzaliwa nao. Shahawa huweza kutoka bila nguvu.

Akanyamaza akinitazama. Kidole kimoja kilikuwa bado hakijahesabiwa, na sote watatu tulikijua. Mimi koo lilikuwa limenikauka.

"Na unyumba, mwanangu?" mke wangu akauliza.

"Sitakuficha, mama," daktari alisema. "Baadhi ya wanaume nguvu hupungua miezi ya mwanzo, na wengi wao zinarudi ndani ya mwaka. Wako wachache ambao hazirudi kama zilivyokuwa. Mzee atakuwa upande gani, siwezi kukuahidi."

Katika miaka 15 ya kulala mezani na kuamka mezani, hilo halikuwa limetamkwa na mtu yeyote, si daktari, si nesi, si mimi. Wanaume tunajua kuuliza bei, tunajua kuuliza siku za kulazwa, tunajua kuuliza kama tutaruhusiwa kubeba mizigo. Swali lenyewe tunaliacha likae kooni, na daktari mwanamume naye hutusaidia kulimeza. Yule binti alilileta mezani kwa kumwacha mke wangu ndani ya chumba.

Tulirudi nyumbani tukiwa na wiki mbili za kufikiri. Mimi nilikuwa na miaka 56, na sikuwa tayari kuwa mzee wa kuheshimiwa tu. Nilipiga hesabu usiku na mchana: niendelee na vyuma kila miezi mitatu mpaka figo zitakapochoka, au nihatarishe kile ambacho mwanamume hakitaji ila kwa mafumbo. Usiku mmoja nimerudi kitandani kutoka chooni, nikidhani mwenzangu amelala, akasema gizani: "Mwalimu, mimi nimechoka kukusikiliza. Kila usiku saa nane nakusikia unavyosukuma, nami nahesabu mpaka umalize. Yale mengine tutayajua mbele." Asubuhi nilikwenda kuandikisha jina.

Karatasi ya kukubali ilikuwa ya Kiswahili, kurasa mbili. Tuliisoma pamoja. Upasuaji ulichukua saa tano kwa nusukaputi, na nilipozinduka sikujua niugulie juu au chini. Siku za kwanza mdomo uliuma kuliko msamba. Nilikunywa uji wa baridi, na kwa miezi miwili sikuweza kung'ata embe. Mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi kwa wiki mbili, ikaondoka yenyewe. Mpira ulikaa siku 21. Kisha wakatia tena dawa na kupiga picha kuhakikisha hakuna panapovuja, wakautoa, nikapewa lile jagi. Mililita 21 kwa sekunde. Nilisikia sauti ya mkojo wangu ukigonga plastiki, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu niko kwenye miaka ya thelathini, nikasimama pale nyuma ya pazia muda mrefu kuliko haja.

Yale mengine tuliyajua mbele, kama alivyosema mwenzangu. Yalikuja polepole, mwezi wa tatu hapakuwa na kitu, wa tano palikuwa na dalili, wa nane tukaacha kuhesabu. Si kama ujanani, lakini umri nao unadai sehemu yake, na sitaubebesha upasuaji lawama zote. Shahawa hazina nguvu, kama nilivyoonywa. Matone yamebaki; nimefundishwa kukandamiza msamba kwa vidole kuelekea mbele kabla ya kusimama, na ile fatwa ya shehe bado naitumia. Upande mmoja wa shavu ulimi wangu unahisi mstari. Nimetaja yote ili mtu asidhani kwamba nauza dawa.

Wala sisemi kila mwanamume mwenye kovu akimbilie kisu kikubwa. Mwaka 2020 yalichapishwa Uingereza matokeo ya wanaume zaidi ya 200 ambao kovu lilikuwa limekwisha kuwarudia. Kwa kura wengine walipasuliwa tena kwa ndani, wengine wakajengewa mrija. Baada ya miaka miwili, nafuu waliyoieleza wenyewe katika kukojoa ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba waliojengewa mrija walirudi mezani karibu mara nusu ya wale wengine. Mtu anayekaa kilomita 5 kutoka kwa bingwa aweza kuzisoma hesabu hizo kwa namna moja, na anayepanda basi siku nzima akazisoma kwa namna nyingine. Wodini nililala jirani na mzee aliyezidi miaka 75, moyo wake dhaifu, ambaye alielezwa yote hayo akacheka akasema apewe vyuma vyake aende zake akavune korosho. Alikuwa na haki yake, na nafikiri aliamua vizuri. Alikuwa ameambiwa.

Mabingwa wa kazi hii hawajawa wengi kwetu, ingawa pale KCMC, Moshi, taasisi ya magonjwa ya njia ya mkojo imefundisha madaktari wa nchi yetu na wa nchi jirani kwa miaka mingi. Foleni nayo imebadilika sura. Nilipoanza mimi, kwenye benchi walikaa wazee. Sasa mnakaa na vijana wa bodaboda waliovunjika nyonga, mpira umetolewa tumboni chini ya kitovu na mfuko umefichwa ndani ya jaketi. Kwa hao mara nyingi ni ile ajali yenyewe inayojeruhi mishipa ya nguvu za kiume, kabla ya kisu chochote, na hilo nalo wanastahili kuelezwa mapema, wasije wakamlaumu mpasuaji bure au wakajilaumu wenyewe.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuangaliwa, mmoja wao alinisogelea kwenye benchi. Alikuwa amesikia kwamba huku wanakata mdomo. Akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli, na kama mtu akikatwa anaongea vizuri. Nikamwambia yeye huenda asihitaji kiraka, kwamba wa nyonga mara nyingi huunganishwa ncha kwa ncha, lakini amwulize daktari, na kama ana mchumba aingie naye. Akasema anaye, yuko nje amesimama na viatu vyake. Kisha akawasha tochi ya simu, akaniomba nifungue mdomo aone. Akatazama sana, kushoto, kulia, akashusha simu.

"Mbona sioni kitu, mzee?"

Nikamwelekeza atazame tena, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya meno.